Miguu ya Starlet Kabla ya Mbio

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu, wazee wetu mliotutangulia katika mbio, kaka na dada zangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kunialika, na asanteni sana ninyi mliokuja na magari yenu, maana maneno bila gari la kushika hayatoshi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuimarisha suspensheni ya gari dogo la zamani, yaani springi, shokapu na viungo vinavyoshika magurudumu, ambavyo naviita miguu ya gari, ili liweze kuingia mashindano ya daraja la chini, yale ambayo dereva anajilipia mwenyewe mafuta, matairi na ada ya kuingia. Nitaichukua Toyota Starlet EP82, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1989 na kutengenezwa hadi 1995. Ni nyepesi, inavutwa na magurudumu ya mbele, fundi wa mtaa wowote anaijua, na spea zake bado ukizunguka Gerezani au Kariakoo unazipata. Mwenye Golf ya zamani au Polo asijione ametengwa. Mbele wote tuna stratu, yaani mguu mmoja wenye springi na shokapu pamoja, nyuma wote tuna ile boriti moja inayounganisha magurudumu mawili na kujisokota gari likiingia kwenye kona. Karibu kila nitakalolisema linawahusu.

Sitazungumzia injini. Kila tukikutana tunazungumza injini, na nadhani hiyo ni sehemu ya tatizo letu. Kijana ananunua gari, shilingi ya kwanza inakwenda kwenye ekzosi, ya pili kwenye chujio la hewa, ya tatu kwenye rimu pana. Miguu inabaki ileile iliyokuja na meli. Halafu siku ya mbio gari lina kelele za kutosha lakini kwenye kona ya pili pua inakwenda moja kwa moja kwenye vichaka.

Ninaloamini, na ndilo nililokuja kulisema, ni kwamba kazi ya suspensheni ni kulibakiza tairi ardhini. Si kulifanya gari liwe gumu, wala kulishusha lipendeze. Kuvuta, kusimama, kukata kona, vyote vinapita katika vipande vinne vya mpira, kila kimoja si kikubwa kuzidi kiganja cha mkono. Kipande kimoja kikiinuka hewani, hata kwa nukta ya sekunde, umebaki na vitatu. Na sisi hatukimbii kwenye lami laini ya Ulaya. Tunakimbia kwenye udongo, changarawe, mashimo, na yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi ambayo kila mmoja wetu ameyahisi kwenye mgongo. Kwa njia ya namna hiyo, gari gumu ni gari linaloruka, na tairi lililo hewani halikati kona.

Historia ya mbio za kwetu inathibitisha jambo hili kuliko kitabu chochote. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na njia zake za zamani zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tazameni ni gari gani lililotamba miaka ya sitini: Peugeot 404. Lilishinda mwaka 1963, likashinda mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Baadaye Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 ikiwa mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Wazee waliopanda 504 wanakumbuka jinsi lilivyokuwa: laini, miguu mirefu, gurudumu linashuka hadi ndani ya shimo na kupanda tena bila abiria kurushwa. Peugeot walikuwa wakijitengenezea shokapu zao wenyewe, maana walijua ubora wa gari lao umekaa hapo. Magari yale hayakushinda kwa ugumu. Yalishinda kwa sababu magurudumu yalikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu zilizojua kuizuia safari hiyo kwa adabu.

Sasa tuingie chini ya Starlet.

Kabla hujanunua kitu chochote cha mashindano chenye rangi nyekundu au njano, rudisha afya ya gari. Gari hili lina miaka thelathini na zaidi. Bushi za wishboni, yaani raba zilizo kwenye viungo vya mkono wa chini unaolishika gurudumu la mbele, zimekauka na kupasuka. Bushi mbili kubwa zinazoishika boriti ya nyuma mara nyingi hazijawahi kubadilishwa tangu kiwandani, kwa sababu kuzitoa ni kazi na hazipigi kelele mapema. Raba za juu ya stratu, zile unazoziona ukifungua boneti, zimelegea na biaringi zake zina kutu. Boljointi, kile kiungo cha duara kati ya wishboni na gurudumu, na tairodi endi, ncha ya fimbo ya usukani, zina mchezo, yaani zimelegea. Katika hali hiyo hata ukifunga shokapu za bei ya gari zima hutapata faida, kwa sababu gurudumu linaelekea linakotaka lenyewe. Unakanyaga breki, wishboni inarudi nyuma kidogo, gurudumu linageuka nje, unaachia, linarudi. Dereva analaumu usukani au analaumu matairi, kumbe ni bushi mbili za bei ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo pandisha gari, liweke kwenye stendi, chukua nondo ya kupekulia, na usukume kila kiungo kimoja kimoja. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku biaringi ya hab, yaani kitovu cha gurudumu, au boljointi. Likicheza kushoto na kulia, anza na tairodi endi. Fundi mwenzako aangalie chini wakati wewe unatikisa, maana jicho linaona mchezo ambao mkono hauuhisi.

Halafu kutu. Nawaomba sana ndugu zangu wa Tanga, Dar, Mombasa na Zanzibar mnisikilize hapa. Chumvi ya bahari inakula bati taratibu chini ya rangi. Sehemu za bodi zinazobeba vichwa vya stratu mbele, na zile zinazobeba shokapu nyuma ndani ya buti, zipigwe kwa mpini wa bisibisi na zisikilizwe. Bati zima linalia, lililooza linanyamaza au linatoboka. Ukiongeza ugumu wa springi, nguvu yote iliyokuwa ikimezwa na springi laini sasa inapelekwa kwenye bati. Bodi iliyooza itapasuka, na itapasuka siku unayokimbia. Kata kipande kibovu, weka bati jipya, fundi achomelee vizuri, ndipo uendelee. Bodi ikiwa nzima, kuongeza alama za kuchomelea kwenye maungio ya sehemu hizo kunasaidia kuliko ule mtalimbo wa kupendeza unaofungwa juu ya injini. Mtalimbo si mbaya, lakini usiwe wa kwanza kwenye orodha yako.

Kuhusu bushi ngumu za poliyurethani, watu wananiuliza kila mara. Zinafaa kwenye wishboni, hasa ile bushi ya nyuma inayobeba nguvu ya breki. Lakini zinataka grisi, na vumbi letu likiingia ndani linasaga kama msasa. Ukizifunga, ujue umejitwika kazi ya kuzifungua na kuzisafisha. Kwenye boriti ya nyuma mimi ningebaki na raba mpya ya asili, kwa sababu bushi ile inahitaji kupinda pande zaidi ya moja, na ukiikazia sana unaifunga boriti nzima isifanye kazi yake. Raba mpya ni mabadiliko makubwa kwa gari la zamani. Wengi wanashangaa baada ya hatua hii peke yake, wanadhani gari limebadilishwa.

Hatua ya pili ni shokapu, na hapa ndipo ningeweka fungu kubwa la pesa zangu.

Springi inabeba gari, lakini yenyewe haijui kuacha. Ikikandamizwa inarudisha, ikirudisha inapitiliza, ikipitiliza inakandamiza tena. Kazi ya shokapu ni kuimeza nguvu hiyo na kuigeuza joto ndani ya mafuta. Ndiyo maana baada ya kipande kirefu cha njia mbaya ukiigusa inaunguza. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, na katika shokapu ya kawaida yenye mirija miwili, hewa na mafuta huchanganyika yakawa povu. Povu halizuii kitu. Dereva anahisi gari lilikuwa zuri dakika tano za kwanza kisha likaanza kuogelea. Shokapu yenye gesi ya shinikizo inachelewesha povu hilo, na ya mrija mmoja inapoa haraka zaidi kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja. Lakini ya mrija mmoja ukiipiga jiwe likabonyeza mrija, pistoni inakwama na imekwisha. Kwa njia za mawe ifungwe kinga.

Msinunue shokapu za mtumba kwa mbio. Nasema hivi nikijua bei. Springi ya mtumba unaweza kuipima urefu, ukalinganisha na mwenzake, ukaridhika. Shokapu ya mtumba huoni ndani. Kubonyeza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linaruka mara ngapi kunakuonyesha shokapu iliyokufa kabisa tu, haikuonyeshi iliyochoka. Bora shokapu mpya ya kawaida yenye gesi, ya kampuni inayojulikana, kuliko ya mashindano iliyokwisha kazi yake katika nchi nyingine.

Ukipata uwezo wa kuagiza zenye kurekebishwa, elewa unarekebisha nini. Shokapu ina tabia mbili. Pistoni ikisogea polepole, hapo inadhibiti bodi: gari linavyolala kwenye kona, linavyoinama ukikanyaga breki. Pistoni ikisogea kwa kasi, hapo gurudumu limekutana na jiwe au shimo. Dereva anataka nguvu nyingi katika mwendo wa polepole ili bodi itulie, na nguvu ya wastani katika mwendo wa kasi ili gurudumu liwe huru kupanda na kushuka. Shokapu za bei rahisi zenye kitufe kimoja hukaza vyote kwa pamoja. Ukizungusha kitufe hadi mwisho kwa kuamini kwamba ngumu ndiyo ya mbio, umelifunga gurudumu. Na kukaza kupita kiasi upande wa kurudi kuna madhara yake: gurudumu likikandamizwa na tuta la kwanza halijawahi kushuka vizuri, la pili limefika, la tatu limefika, na gari linazidi kuinama hadi limekalia raba za mwisho, zile zinazozuia chuma kugonga chuma.

Sasa springi. Naomba mnivumilie na hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Tuseme Starlet pamoja na dereva wake ni kilo 900. Gari la kuvutwa mbele, uzito mwingi uko mbele, tuchukue asilimia 62. Hiyo ni kilo 558, yaani 279 kwa kila gurudumu la mbele. Toa uzito wa gurudumu lenyewe, hab na breki, ambavyo havibebwi na springi, tubaki na kilo 250. Springi ya gari la kawaida la mtaani inaliacha gari lipande na kushuka kwa mwendo wa takriban mara 1.3 kwa sekunde. Kwa mbio za njia ya vumbi tunataka kupanda hadi kati ya 1.6 na 1.8. Ukipiga hesabu, gurudumu la mbele linahitaji ugumu wa kati ya kilo 2.6 na kilo 3.3 kwa kila milimita, yaani uzito unaoibonyeza springi milimita moja, wakati la mtaani lilikuwa na kilo 1.7. Nyuma, ambako kila springi inabeba kilo 150 hivi, ukitaka mwendo wa mara 2 kwa sekunde unahitaji kilo 2.4 tu kwa milimita.

Linganisheni na zinazouzwa. Zile seti za stratu za kupandisha na kushusha zinazotoka Japani na Taiwani mara nyingi huja na springi za kilo 6 au 8 kwa milimita. Zimetengenezwa kwa lami ya mviringo wa mbio, na ukitembea nazo kwenye lami ya namna hiyo zinaweza kukufaa. Kwetu hazifai, na nitaonyesha kwa nini kwa namba moja. Springi ya kilo 8, kwa jinsi stratu ilivyolala, kwenye gurudumu inakuwa kama kilo 7.2. Weka juu yake zile kilo 250. Springi inakandamizwa milimita 35 basi. Hiyo milimita 35 ndiyo akiba yote ya gurudumu kushuka. Likikuta shimo la kina cha sentimita tano, springi imeshanyooka yote, hakuna tena kinacholisukuma gurudumu chini, na tairi linaning'inia hewani hadi gari zima lianguke lilifuate. Kwa springi ya kilo 3.3 kwenye gurudumu, uzito uleule unaikandamiza milimita 76, na shimo lile tairi linalifuata hadi chini. Hapo ndipo penye tofauti kati ya gari linaloshika njia na gari linalorukaruka, na hakuna fundi wa injini atakayeirekebisha kwa nguvu za farasi.

Jambo jingine linafuatana na hili. Ukiongeza ugumu wa springi kutoka 1.7 hadi 3.3, shokapu nayo lazima iongezewe nguvu kwa karibu asilimia 40 ili iweze kuituliza. Ndiyo maana nimetanguliza shokapu. Springi mpya ngumu juu ya shokapu zilizochoka ni gari linalodunda, na dereva wake anadhani amepata suspensheni ya mbio kwa sababu tu linamuumiza mgongo.

Najua swali linalokuja: kwa nini tusikate springi za zamani tukaokoa pesa? Kukata kunaongeza ugumu kweli. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukiitoa mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Lakini umepunguza pia urefu wake, kwa hiyo gurudumu likining'inia springi inalegea na kutoka kwenye kiti chake, na likirudi chini huenda isikae mahali pake. Kuchoma springi kwa gesi ili gari lishuke ni kosa kubwa zaidi. Moto unaua ule ugumu wa chuma uliowekwa kiwandani, na hakuna ajuaye kitavunjika lini. Gari lenye springi iliyochomwa lisiruhusiwe kuingia njiani, na nawasihi wakaguzi wetu walikazie jambo hili bila kuoneana haya. Upande wa pili kuna wanaoliinua gari kwa vipande vya raba au aluminiamu juu ya stratu. Kipande chembamba hakina ubaya, ila kikiwa kinene sivi jointi, vile viungo vya ekseli inayozungusha gurudumu, zinaanza kufanya kazi kwa pembe ambayo hazikuzoea.

Kushusha gari kunahitaji maneno yake, kwa sababu mtindo huu umetuingia kutoka kwenye picha za magari ya lami. Mbele ya Starlet, wishboni ikiwa imelala sawa au imeinama kidogo kuelekea nje, mambo ni mazuri. Ukilishusha gari sentimita tano, ncha ya nje ya wishboni inakuwa juu kuliko ya ndani. Hapo ile sehemu ambayo bodi inazungukia ikilala kwenye kona inashuka kwa haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake, gari lililoshushwa linataka kulala zaidi kuliko lililokuwa juu! Mwenye gari anaongeza springi ngumu zaidi kuzuia ulalo alioutengeneza mwenyewe. Wakati huohuo tairodi nayo imebadilika pembe, kwa hiyo kila tuta gurudumu linajigeuza lenyewe bila usukani kuguswa. Na stratu imekaa karibu na raba ya mwisho. Katikati ya kona inaigusa, ugumu unapanda ghafla, na pua inateleza nje. Kwa njia za vumbi liache gari kwenye urefu wake wa kiwandani au liinue sentimita mbili tatu, ufunge bamba nene la kukinga tangi la oili. Mnaokimbia kwenye lami pekee, shusheni kidogo, na mkifanya hivyo tafuteni boljointi ndefu zinazoirudisha wishboni kwenye pembe yake.

Halafu kuna suala la gari la kuvutwa mbele kukataa kona. Wengi wakiona pua inatoka nje wanakimbilia kufunga stabilaiza nene mbele, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili bodi isilale. Inapunguza ulalo, ndiyo, lakini inaliinua gurudumu la ndani la mbele, ambalo ndilo linalovuta. Difu yetu ya kawaida, inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, inapeleka nguvu kwa gurudumu lenye njia rahisi, kwa hiyo la ndani linazunguka bure na wewe unabaki unasubiri. Kaza nyuma badala yake. Stabilaiza ya nyuma, au springi za nyuma zilizo ngumu kidogo kwa uwiano, zinaubeba ulalo huko nyuma na kuyaacha magurudumu ya mbele yote mawili yakanyage. Mtaona gurudumu la ndani la nyuma likiinuka kwenye kona kali. Golf GTI ya kwanza ya mwaka 1976 ilikuwa maarufu kwa picha hiyo. Sijisahau kwamba nimesema tairi libaki ardhini: kwenye gari la namna hii gurudumu lile la ndani nyuma karibu halibebi chochote wakati huo, na ukilazimika kupoteza moja, poteza hilo. Lakini nenda taratibu. Nyuma ikiwa ngumu kupita kiasi, ukiachia mafuta katikati ya kona ya changarawe gari linageuka na kutazama lilikotoka. Anza bila stabilaiza ya nyuma, ulizoee gari, ndipo uongeze.

Na kama yupo anayedhani gari dogo la kuvutwa mbele haliwezi kitu Afrika, akumbuke kwamba mwaka 1987 Kenneth Eriksson alishinda mashindano ya Ivory Coast, ambayo yalikuwa ya ubingwa wa dunia, akiwa na Volkswagen Golf GTI ya valvu 16. Ukoo mmoja na haya tuliyoyaleta hapa: stratu mbele, boriti nyuma.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Baada ya kugusa chochote chini, gari lipelekwe likapangwe, na umpe fundi namba zako, usimwachie za kiwandani. Kwa vumbi, sehemu ya juu ya gurudumu la mbele ilaze ndani nyuzi moja hivi. Kwa lami nyuzi mbili na nusu hadi tatu. Kwenye stratu boliti mbili zinazoishika hab zinakupa nafasi ndogo ya kufanya hivyo ukipata boliti za kurekebishia. Mbele ya magurudumu ifunguke nje milimita moja au mbili, gari litaingia kona kwa wepesi, ingawa barabarani litatangatanga kidogo. Nyuma boriti haina marekebisho, ila ipimwe. Ikisoma vibaya, ujue imewahi kupinda, na kuna vipande vyembamba vya kuweka nyuma ya hab kurekebisha kiasi kidogo.

Pimeni urefu wa gari kutoka katikati ya hab hadi ukingo wa bodi, si kutoka ardhini, ili tairi na upepo wake visiwadanganye. Andikeni. Daftari la shilingi mia chache lina thamani kuliko kitufe cha shokapu: upepo wa matairi, urefu wa kila kona, umezungusha kitufe cha shokapu mara ngapi, muda wako. Badilisha kitu kimoja, kimbia, andika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja gari likawa bora, hujui ni kipi. Likawa baya, hujui pia. Piga chaki kwenye ubavu wa tairi, ukimaliza mzunguko utaona limejilaza hadi wapi. Mara nyingi tatizo tunalotaka kulitibu kwa laki tano linatibiwa kwa pampu ya upepo.

Mawili ya usalama, na haya sitaki yachukuliwe kwa wepesi. Springi iliyo kwenye stratu imeshikilia nguvu ya kuua mtu. Usifungue nati ya juu bila vifaa viwili vizima vya kuikandamizia, vilivyokaa pande mbili sawasawa, na usiielekeze ncha yake kwa mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwamo. Na jeki si stendi. Hakuna anayeingia chini ya gari linaloning'inia kwenye jeki peke yake katika klabu hii. Nitafurahi Mwenyekiti akiliandika kuwa kanuni.

Pia someni kanuni za daraja lenu kabla ya kununua. Madaraja mengine hayaruhusu kuhamisha sehemu za kufungia suspensheni wala kubadilisha aina yake, na huko Kenya wanakoendesha autokrosi, mbio za mzunguko wa vumbi, kwa madaraja, gari linalovutwa na magurudumu mawili lisilo na tabo linaweza kujikuta limesukumwa daraja la juu kwa sababu ya kitu kimoja kilichofungwa bila kuulizia. Ongea na mkaguzi mapema, mwonyeshe unachotaka kufanya, akubaliane nawe kwa maandishi.

Mwenye pesa kidogo sana, na ninajua ndio wengi wetu, afanye hivi msimu huu: bushi zote, boljointi, tairodi endi na raba za juu ya stratu, shokapu nne mpya zenye gesi, alaimenti, matairi mazuri. Springi abaki nazo za kiwandani kama hazijalala. Akimaliza msimu akiwa bado anataka gari gumu zaidi, daftari lake litamwambia ni kona ipi na kwa kiasi gani. Mwenye pesa zaidi aongeze springi za zile namba nilizozitaja, ampelekee mtengenezaji wa springi uzito wa gari lake uliopimwa, si wa kukisia.

Starlet nyeupe iko kwenye stendi hapo nje, magurudumu yametolewa. Wa safu mbili za mbele tutoke kwanza, mje na nondo na tochi, tuanze na bushi za boriti ya nyuma upande wa dereva. Wengine mtafuata tukihamia mbele. Maswali tuulizane hukohuko chini ya gari.